Kitanda Chini ya Bendera ya Njano

Jumatatu, 2 Machi

Baharini. Mvua asubuhi, jua mchana, kichefuchefu kutwa.

Shemeji ametangaza kwamba wiki hii tunaingia maji ya watu. Ametangaza kwa sauti ya mwalimu wa zamu. Kisha akatoa kijitabu cha masharti akanisomea mimi nikiwa nimekumbatia ndoo. Hakuna kuingia na matunda mabichi. Wala nyama, mayai, asali, mbegu, udongo, maua, wanyama. Nikamuuliza kama binadamu wanaruhusiwa. Akasema inategemea binadamu gani.

Huyu ni kaka wa mke wangu. Kazi yake ni kuwapelekea matajiri boti zao kutoka bandari moja hadi nyingine. Wao wananunua, yeye anatapika njia nzima (mwenyewe anakana), halafu wao wanakuja kwa ndege kupiga picha. Boti hii ya matanga inakwenda mji uleule anakoishi binti yangu, aliyeolewa huko ng'ambo. Binti ni mjamzito na mimba imefika ukingoni. Mke wangu ametangulia kwa ndege. Mimi niko hapa na ndoo kwa sababu ya kitanda.

Kitanda nimekichonga mwenyewe. Ni kweli mimi ni kinyozi, lakini mkono uliozoea wembe haushindwi na patasi. Ni kitanda cha mtoto, cha kubembea, na nimekitoa kwenye mti uliokuwa mbele ya nyumba yetu. Binti yangu alikuwa akiuparamia mti ule kila akitoka shule, na mama yake alikuwa akikaukiwa sauti kwa kumwita ashuke. Watu wa umeme waliukata ili kupisha nguzo. Nikaomba shina. Mjukuu wangu wa kwanza atalala ndani ya mti wa mama yake. Watu wa ndege walikizunguka mara kadhaa wakasema hakiingii. Nikawaambia basi na mimi siingii.

Sasa kuna huyu mtu mwingine. Baba wa mume wa binti yangu. Mhandisi mstaafu, na anapenda aitwe Mhandisi hata na watu ambao hajawajengea kitu. Na yeye amenunua kitanda. Cha dukani. Kinabembea chenyewe kwa umeme. Kinaimba.

Mtoto atalala kwanza kwenye kimoja tu. Ndiyo habari yenyewe.

Jumanne, 3 Machi

Vita vya chakula. Nilifungasha kama mtu anayehama: trei ya mayai, machungwa, vitunguu, nyama ya kukausha, chupa kubwa ya asali. Shemeji amesema vitu vyote hivyo viliwe kabla hatujafika, au vikabidhiwe kwa maafisa bandarini. Kuvitupa majini karibu na nchi yao nako ni kosa.

Nikasema kukabidhi ni kusalimu amri. Nikaanza kula. Mayai ya kuchemsha asubuhi, ya kukaanga saa nne, mchana ya kuchemsha tena. Machungwa kati ya yai na yai. Asali kwa kijiko. Shemeji alikula yai moja akasema ameshiba. Hana ushirikiano kabisa huyu mtu.

Jioni akapekua kijitabu akakuta mbao. Mbao yenye magome hairuhusiwi, kwa sababu wadudu hujificha chini ya gome. Akaitazama miguu ya kitanda, ambayo niliiachia magome makusudi, kwa urembo. Kisha akanitazama mimi. Nikamwambia hayo si magome, huo ni mtindo.

Tumbo linanguruma kama jenereta bovu.

Jumatano, 4 Machi

Nimeamka na jibu. Kitanda nitakinyoa.

Nilitoa vifaa vyangu vya kazi: wembe, taulo, brashi ya povu, kopo la poda. Nikakilaza kwenye goti. Sasa mimi siwezi kunyoa kikavu, hata kama ni mbao. Nikakoroga povu, nikakipaka miguu yote, nikakifunika na taulo la moto ili gome lilainike. Shemeji akashuka ngazi kuchukua maji. Akaona mguu wa kitanda una povu, mimi nimeshika wembe na kichwa nimekiinamisha upande, kama kawaida yangu. Akapanda tena bila maji.

Gome lilitoka vizuri. Kilichokuwa chini yake ndicho kilichonitoa jasho. Vitundu. Vidogo, vya mviringo, kama vya sindano nene. Nilipogonga, ukamwagika unga mweupe. Kitanda cha mjukuu wangu kimebunguliwa na ndani kuna wenyeji.

Nimeziba vitundu vyote kwa mafuta mazito ya nywele. Sasa kinang'aa na kinanukia kama kijana anayekwenda kuposa.

Shemeji alivuta harufu akasema jambo moja tu, na amelirudia mpaka limenichosha. Sema. Wakija, kabla hawajauliza, waambie kuna mbao na ina wadudu. Eti miaka yote anayosafirisha boti, anayetangaza hapati shida. Nikamuuliza kama amewahi kuona mteja anaingia kwa kinyozi akatangaza kwamba ana mba. Hakuna. Mteja anakaa, ananyamaza. Shemeji akauliza, na kinyozi haoni?

Nikamwambia aangalie usukani.

Kopo la poda nimelisogeza nyuma ya mataulo. Hilo halina haja ya kuzungumzwa.

Ijumaa, 6 Machi

Tumefika! Yaani tumefika tusifike. Tumefungwa kwenye boya nje kidogo ya bandari, pamoja na meli moja ya mizigo yenye kutu. Shemeji amepandisha bendera ya njano. Maana yake, kwa lugha ya bandari, ni hii: tumetoka nje, hatujakaguliwa, mtu asishuke na mtu asipande mpaka wakubwa waje. Nikauliza wakubwa wanakuja lini. Kesho. Nikauliza kwa nini si leo. Ijumaa wanamaliza mapema.

Mji wote ninauona. Naona magari. Naona kinyozi mwenzangu ana duka pale pembeni ya gati, na kwa namna anavyomshika yule mteja sikio, hajui kazi.

Mke wangu amepiga simu. Tumbo la binti limeshuka, daktari anasema ni siku yoyote. Mhandisi ameshafika na kitanda chake, amekifunga bolti zote mwenyewe, kiko chumbani kwa mtoto na kinaimba nyimbo tofauti tofauti. Akauliza mimi niko wapi. Nikamwambia asimame dirishani atazame baharini, atamwona mume wake. Akasema anakotazama kuna meli yenye kutu. Nikasema nyuma yake.

Halafu akaongeza kwa upole, ule upole wake unaotangulia vita: "Baba nanii, wakikuuliza, waambie ukweli. Usianze mambo yako." Ni wazi kwamba dada na kaka wanawasiliana.

Jumamosi, 7 Machi

Siku mbaya. Naandika kwa utaratibu nisije nikavunja kalamu.

Mpango ulikuwa mzuri. Alfajiri nilikipigilia kitanda ukutani jikoni, nikakijaza masufuria na vifuniko. Kitanda cha mtoto kikawa rafu ya vyombo. Hata Shemeji mwenyewe alitafuta kikombe akakikuta humo.

Wakaja na boti yao. Mkaguzi wa mimea na wadudu ni mama mmoja mfupi, mtulivu, anayevaa glavu mpya kila anapogusa kitu kipya. Nimempa jina Mama Glavu. Ana mbwa mdogo mwenye masikio marefu. Mbwa huyu habweki. Akinusa kitu kisichotakiwa, anakaa chini. Basi.

Mama Glavu aliuliza kama tuna vyakula vibichi. Nikasema kwa fahari havipo, na nikajishika tumbo. Akauliza kama kuna mbegu, mimea, au kitu chochote cha mbao kisicho sehemu ya boti. Shemeji akafungua mdomo. Nikawahi. Nikasema hakuna.

Mbwa akaingia jikoni akakaa mbele ya rafu yangu.

Nikasema maskini, amechoka. Mama Glavu akatoa sufuria moja baada ya nyingine, akazipanga sakafuni kwa adabu. Akauliza kwa nini rafu ya vyombo ina miguu ya kubembea. Nikajibu kwamba baharini kila kitu kinayumba, kwa hiyo na rafu nayo. Akagonga mbao kwa kidole. Kutoka kwenye mafuta ya nywele kikatokeza kichwa kidogo cheusi, kisha mdudu mzima, akatembea taratibu kwenye ukingo wa kitanda kama mwenye nyumba anayetoka kuona nani kagonga mlango.

Shemeji aligeuka akatazama dari.

Mdudu ametiwa kwenye kichupa. Kitanda kimefungwa kwa nailoni nzito na kubandikwa kibandiko chekundu. Mama Glavu alieleza bila hasira, na ndicho kilichoniudhi zaidi. Wana chumba cha joto kali kule ofisini kwao. Mbao inaingia, wadudu wanakufa, mbao inatoka salama. Kama ningesema mwanzoni, angekichukua leo na kesho yake ningekuwa nacho mkononi. Kwa kuwa nimekificha, sasa lazima mkuu wake aamue Jumatatu: chumba cha joto, au tanuri la kuchomea taka.

"Ungesema tu, mzee wangu," akasema. Nikatazama sakafu iliyojaa masufuria.

Boti imepita ukaguzi. Bendera imeshushwa. Ninaruhusiwa kushuka hata sasa hivi. Lakini kitanda kitakaa botini mpaka Jumatatu na mimi sikiachi. Nikishuka mikono mitupu, Mhandisi atanipokea getini na kunipa pole. Afadhali nife.

Jumapili, 8 Machi

Afadhali ningeshuka.

Shemeji alikwenda mjini kutafuta mkate. Nikabaki peke yangu nikichungulia gati kwa darubini ya boti. Nikamwona nani? Mhandisi. Na kofia yake. Anapanda kiboti cha kukodi na kumwonyesha mwendeshaji upande wetu. Muda huohuo simu ya mke wangu: Mhandisi anakuja kukusalimia, amesema hawezi kungoja kukiona hicho kitanda unachokisifia.

Kweli nilikisifia. Katika simu huenda nilisema kimenakshiwa pande zote. Na sasa kimo ndani ya nailoni kama nyama ya buchani, na kibandiko chekundu kinachosema WADUDU.

Nikafikiri haraka. Nini kinazuia mtu asipande boti? Bendera ya njano. Iko wapi? Kwenye droo. Nikaifunga kwenye kamba yake nikavuta mpaka juu kabisa ya mlingoti. Mwendeshaji wa kile kiboti aliiona, akakata kona papo hapo. Mhandisi alikuwa amesimama, akakaa kwa kishindo. Kofia ikaanguka majini. Nilicheka peke yangu mpaka nikashika ukuta. Ndiyo furaha pekee niliyoipata safari hii.

Nikaenda kuishusha. Kamba imekwama. Nimevuta, nimebembeleza, nimening'inia. Imekwama huko juu, na mimi si mtu wa kupanda milingoti.

Redio ikaita. Watu wa mnara wa bandari wanauliza: boti iliyokwisha kukaguliwa imepandisha njano, kuna mgonjwa? Hapa ningeweza kusema kamba imekwama. Nakiri maneno hayo yalikuwepo. Lakini wangeuliza ilipandaje. Nikasema ndiyo, yupo mgonjwa, mmoja, si sana, ni tumbo. Jambo ambalo kwa kweli halikuwa uongo mtupu, baada ya mayai yale.

Wakauliza kama mgonjwa ametoka nchi nyingine hivi karibuni.

Shemeji amerudi na mkate. Askari wa majini wamemzuia asipande. Amesimama kwenye kiboti, ameitazama bendera, amenitazama, akauliza nimefanya nini. Nikaanza kumweleza. Akainua mkono niishie hapohapo. Mkate amenirushia, umeanguka majini karibu na kofia.

Amekwenda kukaa kwa binti yangu. Kwa binti yangu! Yeye ambaye hakuwa na shida ya kukanyaga nchi kavu kuliko mimi!

Jumatatu, 9 Machi

Daktari wa bandari amekuja amejifunika kuanzia kichwani hadi viatuni. Akauliza nimekula nini wiki hii. Nilipofika kwenye asali aliacha kuandika. Akauliza mayai mangapi. Nikasema trei. Akauliza na nani. Nikasema Shemeji alikula moja.

Amechukua vipimo ambavyo sitavieleza hapa. Majibu yatatoka mwisho wa wiki. Mpaka hapo sishuki. Nilijaribu kumwambia kwamba mimi ni mzima na kwamba kisa chote ni kamba. Akasema wagonjwa wengi husema hivyo.

Mchana akaja Mama Glavu. Mkuu wake amekubali chumba cha joto. Walikibeba kitanda kwa uangalifu sana, watu wawili, wakakishusha kwenye boti yao. Nikauliza kama naweza kukisindikiza. Akasema kitanda kinaruhusiwa kuingia nchini, mimi bado.

Nimekaa sitahani nikakitazama kinaondoka. Yeyote aliyeniona angedhani nimefiwa.

Jumanne, 10 Machi

Hakuna jipya. Bendera inapigapiga.

Nimenyoa ndevu mara mbili.

Jumatano, 11 Machi

Amezaliwa! Msichana. Asubuhi, salama, mama mzima, mtoto mzima, na mapafu ya kutosha. Mke wangu alinishikia simu karibu nikamsikia akilia. Nikamwambia mke wangu aisogeze zaidi. Akasema iko mdomoni kwake tayari.

Nilipiga kelele mpaka mabaharia wa meli yenye kutu wakatoka nje. Nikawaambia ni mjukuu. Hawakuelewa lugha ila walipiga makofi, na mmoja akapuliza honi.

Kisha nikakaa kwenye ngazi. Binti yangu amezaa, na kutoka hapa naona paa la hospitali. Ninaliona paa. Nina umri huu wote na nimejifungia mwenyewe ndani ya boti ya mtu. Nimejilaumu kama nusu saa. Halafu nikamlaumu aliyetengeneza kapi za ule mlingoti, nikapata nafuu.

Alhamisi, 12 Machi

Simu ya Mhandisi. Yeye mwenyewe. Nilitaka kuiacha iite, ila nikaona atafikiri nimekufa.

Kumbe kitanda kimetoka kwenye joto jana, na lazima mwenyeji akichukue. Mkwe wangu jana alikuwa hatoki hospitali. Shemeji haijui njia. Aliyepatikana na gari ni Mhandisi. Amekibeba kitanda changu juu ya gari lake mpaka nyumbani. Nikafumba macho nikingoja maneno yake.

Akasema, "Mkwe mwenzangu, hii kazi umeifanya kwa mkono wako?" Nikasema ndiyo. Akasema mguu mmoja ulikuwa mfupi, ameuweka sawa, nisijali, ni kitu kidogo. Nikauma meno. Mguu haukuwa mfupi. Ulinyolewa zaidi.

Kisha akaeleza. Walipomleta mtoto nyumbani asubuhi, walimweka kwenye kitanda cha umeme. Yeye mwenyewe akakiwasha. Kilipoanza kuimba, mtoto alishtuka akalia mpaka akabadilika rangi. Wakakizima, kikaendelea kubembea. Wakachomoa waya, kikaimba kwa betri. Mhandisi akakitoa nje barazani na wimbo wake. Basi akamchukua mtoto, akamlaza kwenye cha kwangu, akakisukuma kwa mguu. Mtoto akalala. Binti yangu alishika ukingo wa mbao akasema anaijua harufu hii. Mhandisi anasema alidhani ni mafuta ya nywele, lakini binti akasema hapana, ni mti wetu. Hapo nikasikia Mhandisi anapenga kamasi.

Nimeshinda. Kitanda changu kimeshinda hata mimi nisipokuwepo. Nimelia kweli, kwa sauti, na taulo la kazi usoni.

Lakini yule mtu mguu wangu wa kitanda angeuacha ulivyo.

Ijumaa, 13 Machi, asubuhi

Majibu yametoka. Sina ugonjwa wowote. Karatasi ya daktari inasema "kula kupita kiasi." Shemeji ameletwa, amepanda mlingoti bila kunisalimia, amekata kamba, na bendera imeanguka kichwani kwangu.

Boti imesogezwa gatini. Kuna uzio wa wavu na nyuma yake nawaona wote wamenisubiri. Mke wangu na kanga yake ya safari. Binti yangu amekaa kwenye kiti. Mkwe wangu ameshika mwavuli. Mhandisi ana kofia mpya. Na katikati yao kuna kifurushi cheupe kidogo kuliko nilivyofikiria.

Bado Mama Glavu tu na swali la mwisho. Nimevaa shati safi. Kopo la poda liko mfukoni.

Sasa naweza kuliandika hili. Kabla ya watu wa umeme kuondoa matawi, niliokota mbegu za ule mti. Zimo ndani ya poda. Nitazipanda nyuma ya nyumba ya binti yangu bila kumwambia mtu. Yule mtoto akifika umri wa kuparamia, awe na cha kuparamia, na mama yake naye akaukiwe sauti. Hilo si jambo la kutangazia mbwa.

Ijumaa, 13 Machi, mchana

Naandika nikiwa botini.

Mama Glavu alikuja akiwa na uso mzuri. Akanipongeza kwa mjukuu. Akasema ananielewa, na yeye ni bibi wa wawili. Kisha, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akauliza kama nina mbegu, mmea au kitu chochote cha kutangaza. Aliuliza polepole. Akasubiri. Nadhani hata aliinua nyusi, kama mtu anayemsaidia mwenzake kukumbuka. Nyuma yake, kwenye wavu, mke wangu alikuwa akitikisa kichwa juu chini: sema ndiyo, sema ndiyo. Hata hajui kuna nini, lakini ananijua.

Nikasema hakuna.

Mbwa akakaa. Alikalia kiatu changu.

Poda ilimwagwa kwenye sinia jeupe na mbegu zikatolewa moja moja kwa kibano. Mama Glavu alivua glavu, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, akajipangusa uso. Akasema wana nyumba ya kioo kule ofisini. Mbegu ikitangazwa inapandwa humo, inachunguzwa, na ikiwa safi mwenyewe anapewa mche wake bure. Angenipa mche, mwenye majani. Sasa boti nzima lazima ikaguliwe upya, hadi chini ya sakafu, na mimi nikiwa ndani yake. Mpaka Jumatatu. Shemeji alisikia, akashuka gatini, akaenda moja kwa moja kusimama karibu na Mhandisi. Wameshakuwa marafiki.

Walimleta mtoto mpaka kwenye wavu. Mhandisi ndiye aliyemwinua, kwa mikono miwili, ili nione vizuri juu ya uzio, na mkwe wangu akafuata na mwavuli. Mtoto ana nywele nyingi. Nyingi sana, na zimekaa vibaya upande wa kushoto, zinahitaji mtu anayejua. Alifungua jicho moja akanitazama, au alitazama bendera, maana imepandishwa tena. Binti yangu akaita, "Baba, kwa nini hukusema tu?" Sauti ilikuwa ya kulia na kucheka pamoja. Nikampungia mkono.

Mke wangu alikuwa ameshika tama.

Wamekwenda. Nimekaa na jambo hili tangu adhuhuri, nimelipima kwa haki, nimejiuliza kosa liko wapi. Na nimeliona. Kosa ni poda. Ni poda yenye manukato, na mbwa yeyote lazima avutwe na manukato.

Kwa bahati sikuziweka zote humo. Zimebaki mbegu mbili ndani ya mpini wa brashi ya povu, na sabuni haina harufu. Jumatatu Mama Glavu atarudi na swali lake lilelile. Jibu ninalo.